Bei ya Nafaka na Amri za Serikali: Maneno kwa Wakulima wa Ngara na Biharamulo



Katika karatasi hizi tumezoea kuwaeleza habari za mbegu, za mbolea na za kuzuia mmomonyoko wa udongo. Leo nataka kunena juu ya jambo lisiloonekana shambani, nalo huweza kumnyang'anya mkulima jasho la miezi mitano kwa siku moja. Jambo hilo ni habari ya bei ya nafaka, pamoja na habari ya amri zinazotolewa na Serikali juu ya nafaka hiyo. Mkulima asiyejua kuzipima habari hizi huuza wakati wa kungoja, na hungoja wakati wa kuuza.

1. KOSA LANGU LA MWAKA 2017

Kwanza sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, ili mjue kwamba sineni kama mtu asiyepata kukosa.

Mwanzo wa mwaka 2017 mahindi yalikuwa ghali, kwa kuwa mvua za vuli zilizotangulia zilikuwa haba. Wachuuzi walikuja hata majumbani kutafuta debe moja moja. Mavuno ya masika yalipokaribia niliwakusanya wakulima wa kata yangu, nikawaambia: "Msiuze upesi. Nchi jirani zina upungufu, na bei itapanda tena." Mzee mmoja alinisikia kuliko wote. Alikuwa na magunia 12, wala hakuuza hata moja.

Mwishoni mwa mwezi wa Juni mwaka ule, siku ya Idd, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza huko Moshi kwamba ni marufuku kupeleka mahindi nje ya nchi pasipo kibali, na ya kuwa maroli yatakayokamatwa yakivusha mahindi kwa siri yatazuiliwa pamoja na mizigo yake. Moshi ni mbali sana na kwetu, lakini amri ile ilifika upesi. Wachuuzi waliokuwa wakinunua kwa ajili ya ng'ambo ya mpaka hawakuonekana tena, na waliobaki wakataja bei ya chini.

Mzee yule alizidi kungoja. Mahindi yake alikuwa ameyapukuchua na kuyatia katika magunia ya kawaida bila dawa, naye dumuzi hakungoja pamoja naye. Mwezi wa Oktoba alitakiwa ada ya shule ya mjukuu wake na ujira wa vibarua wa kulima. Akauza yaliyobaki, yenye matundu na vumbi, kwa bei aliyopewa.

Nilipokwenda kumtaka radhi, hakunikasirikia. Aliniambia, "Bwana Shamba, habari yako ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ya jana. Nami niliitegemea kwa magunia yote 12." Maneno hayo nimeyakumbuka kila msimu tangu siku ile, nayo ndiyo sababu ya karatasi hii.

2. KWA NINI SERIKALI HUINGIA KATIKA MAMBO YA NAFAKA

Wako watu wasemao kwamba Serikali yafaa iache nafaka peke yake. Wengine husema inunue yote. Mkulima mwenye busara hutaka kwanza kuelewa sababu.

Nafaka si kama kahawa. Kahawa ikikosekana mtu hulala salama. Mahindi yakikosekana mtu hulala na njaa. Kwa hiyo kila Serikali huwaangalia watu wawili kwa wakati mmoja: mkulima atakaye bei kubwa, na mnunuzi wa unga atakaye bei ndogo. Mwaka wa ukame jicho lake huelekea kwa mnunuzi. Mwaka wa neema huelekea kwa mkulima. Amri hugeuka kwa sababu hiyo.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1970, wakati shirika la taifa la usagishaji, lililojulikana kwa herufi NMC, lilipokuwa mnunuzi wa nafaka kwa amri ya Serikali. Bei ilikuwa moja kwa nchi nzima, kwa aliye karibu na reli na kwa aliye mbali kama sisi. Hilo lilimfaa mtu wa mbali, lakini malipo yaliweza kuchelewa, na kusafirisha nafaka kwa mtu binafsi kulikuwa na mipaka mikali. Tangu mwaka 1984 mipaka hiyo ililegezwa, na baadaye wafanya biashara wakaruhusiwa kununua na kuuza. Tangu hapo hakuna bei moja ya nchi nzima. Bei yafuata njia, mvua na mpaka.

Hata hivyo mlango wa mpaka umefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Mwaka 2011 Serikali ilizuia kupeleka nafaka nje, kisha ikaondoa zuio. Mwaka 2017 ikazuia tena, kama nilivyoeleza, na baadaye ruhusa ikarudi. Mwaka 2023 ikakaza utaratibu wa vibali kwa wasafirishaji.

Tena mlango una pande mbili, na jirani naye aweza kuufunga. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu. Baada ya siku chache iliyaruhusu tena, kwa masharti: mfanya biashara ajiandikishe, na mahindi yawe na cheti kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi kiwango kilichowekwa. Mahindi yetu mengi hayaendi Kenya, lakini yale yaliyokosa njia ya kwenda huko yalitafuta masoko mengine, na kila soko huisikia njaa au shibe ya mwenzake.

3. JAMBO TULILOLIONA HAPA KWETU

Sisi wa Ngara tuliona mapema jinsi mambo ya mbali yanavyogeuza bei ya nyumbani. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili 1994 nilikuwa mvulana wa shule ya misheni. Kwa muda wa siku moja hivi watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakakaa Benaco. Mashirika ya msaada yalileta mahindi na maharage kwa maroli. Basi watu walidhani kwamba kila chakula kitapanda bei sawasawa. Haikuwa hivyo. Wakimbizi wengi waliuza sehemu ya mahindi ya msaada ili wapate ndizi na mboga, hata bei ya ndizi ikapanda zaidi kuliko ya mahindi. Mwenye migomba alipata; mwenye mahindi peke yake alishangaa. Mwezi wa Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na soko lile kubwa likaondoka kama lilivyokuja.

Fundisho lake ni hili: usiulize tu kama watu wengi wanahitaji chakula. Uliza chakula kipi, kitatoka wapi, na mpaka lini.

4. KUIPIMA HABARI YA BEI

Siku hizi habari hazikosekani. Redio zasema, simu zasema, na wenye maroli wapitao Nyakanazi, mahali njia za Kigoma, Kahama, Bukoba na Rusumo zinapokutana, husema zaidi ya wote. Kila usikiapo bei, uliza maswali haya matano:

(a) Ni bei ya mahali gani? Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulioanzishwa mwaka 2008, ukitangaza bei, hiyo ni bei ya kituo chake cha kununulia, si ya mlangoni pako.

(b) Ni ya siku gani? Bei ya juma lililopita ni kumbukumbu tu.

(c) Ni ya nafaka ya namna gani? Mahindi yenye unyevu, takataka au punje zilizooza hayapewi bei iliyotangazwa.

(d) Ni ya kipimo gani? Kilo, debe, au gunia lililojazwa kupita kiasi?

(e) Nani aliyeisema, naye anapata nini nikiiamini?

Kisha fanya hesabu. Nitatoa mfano, tarakimu ni za kufundishia tu, nawe utaweka za kwako. Tuseme bei ya nyumbani ni shilingi 600 kwa kilo, na katika soko la mpakani Rusumo ni shilingi 800. Tofauti kwa gunia la kilo 100 ni shilingi 20,000. Mkulima hufurahi. Lakini na atoe gharama za gunia moja:

Mfuko mpya: 1,500
Nauli ya mzigo: 8,000
Kupakia na kushusha: 2,000
Ushuru na ada za sokoni: 2,500
Kilo 3 zilizopungua au kukataliwa: 2,400
Jumla: 16,400

Faida iliyobaki ni shilingi 3,600 kwa gunia. Mwenye magunia 3 atapata 10,800. Akitoa nauli yake mwenyewe ya kwenda na kurudi, tuseme 10,000, amebakiwa na shilingi 800 kwa siku nzima ya taabu. Lakini wakulima 10 wakikusanya magunia 30 na kuwatuma watu 2 waaminifu, faida ni 108,000. Wakitoa nauli ya hao wawili, 20,000, zimebaki 88,000. Bei ni ile ile na njia ni ile ile. Kilichowapa faida ni ushirika.

Katika ushuru pia yafaa kujua haki yako. Bajeti ya mwaka 2017 ilipunguza ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi asilimia 2, na ikamwondolea ushuru asafirishaye mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa kuwa viwango hubadilika, uliza ofisi ya kata kabla ya kupakia, na kila unapolipa dai stakabadhi.

5. LUMBESA

Mchuuzi akikuambia, "Nakupa bei kubwa, ila jaza vizuri," jihadhari. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100. Gunia la lumbesa, lenye kilima juu na kamba za kushonea, laweza kufika kilo 120. Mwenye kilo 1,200 za mahindi ana magunia 12 ya haki. Akiyajaza lumbesa huhesabiwa 10. Magunia 2 ameyatoa bure, naye amepeana mkono na kushukuru. Nunueni mzani mmoja kwa kikundi. Ni fedha nyingi siku ya kwanza, lakini hurudi katika msimu mmoja.

6. KUGAWA MAVUNO MAFUNGU MATATU

Sasa narudi kwa yule mzee na magunia yake 12. Kama ningemshauri leo, nisingesema "uza" wala "ngoja". Ningemwambia agawe.

Fungu la kwanza ni chakula cha nyumbani mpaka mavuno mengine, pamoja na akiba ya mwaka wa mvua mbaya. Hili haliuzwi hata bei ikiwa tamu namna gani. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nimewaona watu waliouza debe wakati wa mavuno na kulinunua tena mwezi wa Desemba kwa bei kubwa zaidi.

Fungu la pili huuzwa mapema, kwa bei iliyopo, lipate kulipa madeni na ada. Mwenye deni hana nguvu ya kungoja, na mchuuzi huyajua madeni ya kijiji kuliko mtendaji.

Fungu la tatu hungoja bei. Hili ndilo la kubahatisha, nalo lisiwe kubwa kiasi cha kukuvunja likipotea. Amri ikitoka leo kufunga mpaka, umeumia sehemu moja, si nyumba nzima.

Lakini fungu lingojalo sharti liweze kukaa. Kausha mahindi juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo, maana huko ndiko kuvu huanzia. Ili kupima ukavu, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, uitikise, uache kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiposhika, yaongezee jua siku moja au mbili, kwa kuwa kipimo kinachotakiwa na wanunuzi wakubwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kisha yatie katika mifuko isiyopitisha hewa, yenye plastiki mbili ndani, ukifunga kila moja kwa nguvu. Dumuzi aliyemo ndani hufa kwa kukosa hewa, wala huhitaji dawa. Weka mifuko juu ya vichanja, mbali na ukuta na panya, wala usiifungue ovyo.

7. MANENO YA MWISHO

Hatuwezi kuizuia mvua, wala hatuwezi kuandika amri za Serikali wala za majirani zetu. Lakini twaweza kukutana kila juma na kuandika bei katika daftari la kikundi: tarehe, mahali, kipimo, na jina la aliyeileta habari. Baada ya misimu miwili daftari hilo litawafundisha zaidi ya Bwana Shamba. Twaweza pia kumwuliza diwani na mbunge wetu, kabla ya mavuno na si baada yake, kama kuna amri yoyote inayotazamiwa juu ya mpaka, na kuwaeleza hasara tuliyoipata amri ilipotoka ghafula.

Yule mzee sasa analo daftari kama hilo. Mavuno ya mwaka jana aliyagawa mafungu matatu, akaniita niyaone, wala hakuniuliza bei itakuwaje. Aliniuliza tu kama mizani yangu ni sahihi.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.