Tanzania na Zambia: Urafiki, Njia na Mzigo

Zambia haina pwani. Ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, shaba yake, iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi, ilisafirishwa hasa kwa reli ya kusini, kupitia Rhodesia. Walowezi wa huko walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta mikononi mwa jirani aliye adui. Ndipo Kenneth Kaunda na Julius Nyerere walipoazimia kuielekeza njia ya Zambia upande wa Dar es Salaam.

Kwanza lilijengwa bomba la mafuta, TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hivi hadi Ndola; lilianza kazi mwaka 1968. Kisha ikaja reli. Benki ya Dunia iliona kwamba haitaleta faida, na nchi za Magharibi hazikukubali kuigharimia. Mwaka 1967 China iliahidi kuijenga kwa mkopo usio na riba. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976.

Namna nchi hizo zilivyouelewa ushirika wao yaonekana katika mambo mawili. La kwanza ni umiliki: reli ni mali yao nusu kwa nusu. La pili ni upana wa njia, milimita 1,067, sawa na ule wa Zambia na Katanga, hali reli ya kati ya Tanzania ilikuwa na milimita 1,000. Tanzania iliridhia kupitisha katika ardhi yake reli ambayo mabehewa yake yasingeweza kuingia katika njia yake ya zamani.

Hata hivyo, urafiki haukutosha kuhamisha mzigo. Bandari ya Dar es Salaam ilisongamana, na mbolea ikachelewa kuwafikia wakulima wa Zambia. Mnamo Oktoba 1978 Kaunda aliifungua tena njia ya kusini, jambo lisilompendeza Nyerere. Mwaka 1979 majeshi ya Rhodesia yalibomoa daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, na Zambia ikazidi kuitegemea njia hiyo ya kusini. Baada ya uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980 na mwisho wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini mwaka 1994, hoja ya kisiasa iliyoizaa reli ilitoweka. Ikabaki hoja ya bei na ya muda wa safari, na hapo malori yalishinda.

Umiliki wa nusu kwa nusu nao una gharama yake: hakuna mshirika awezaye kuamua peke yake, na mmoja asipotoa fedha, kazi ya wote wawili hukwama. Mwaka 2024, huko Beijing, nchi hizo mbili na China zilitia sahihi hati ya makubaliano ya kuifufua reli.

Jambo hili lawahusu pia watu wa Katanga, kwani shaba yao nayo huvuka Kasumbalesa kuelekea bahari ileile. Wanasiasa waweza kujenga njia kwa ajili ya undugu. Lakini mwenye mzigo huichagua kila siku upya, kwa hesabu yake mwenyewe.