Uchambuzi wa kisa: Kwa nini kurasa kumi huzidiwa alama na kurasa nne

KILA muhula wanachuo wa maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii na sosholojia hupewa kisa cha ukurasa mmoja au miwili, wakatakiwa kukichambua. Karatasi zinaporudishwa, malalamiko huwa yale yale: aliyeandika kurasa kumi amepata alama tisa kati ya 20, na mwenzake aliyeandika kurasa nne amepata 15. Wengi huhitimisha kwamba mkufunzi ana upendeleo. Mara nyingi sababu ni nyingine: mwenye kurasa kumi amekisimulia kisa upya, na kusimulia hakuna malipo makubwa.

Si jambo dogo. Katika vyuo vingi nchini, tathmini endelevu, yaani majaribio na kazi za muhula, hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Anayeteleza katika kazi za muhula huingia chumba cha mtihani akiwa na deni. Madaraja nayo hutofautiana kwa ngazi: alama 70 humpa mwanafunzi wa shahada daraja A, lakini katika mfumo wa tuzo za ufundi unaosimamiwa na NACTVET, baraza lililojulikana awali kama NACTE, mwanafunzi wa astashahada mwenye alama hizo hupata B, kwani A yake huanzia 80.

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, unatoa mfano mzuri wa jinsi alama hizo zinavyopatikana. Ni mkoa wa mahindi, viazi, maharage, maziwa na sasa maparachichi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 30.

Chukua basi kisa cha kubuni. Mama analima nje kidogo ya Makambako, mji ulio njia panda ya barabara za Iringa, Mbeya na Songea. Mumewe ni utingo wa lori, hurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mama hutoka alfajiri kwenda kibarua. Mtoto wa miezi 18 hubaki na dada yake wa miaka saba, akinyweshwa uji mwepesi wa mahindi asubuhi na jioni. Ndani kuna magunia sita ya mahindi. Mtoto ni mfupi kuliko umri wake. Swali: chambua chanzo cha tatizo, pendekeza hatua.

Mwanachuo wa kwanza huandika kwamba familia hiyo ni maskini na haina elimu ya lishe. Sentensi haina kosa la sarufi, lakini haina alama pia. Magunia sita yanaidai ushahidi, na hakuna mahali kisa kiliposema mama hajui. Wa pili huandika kwamba chakula kipo, mlishaji ndiye hayupo: mtoto wa umri huo ana tumbo dogo, anahitaji kulishwa mara kadhaa kwa siku, naye ameachiwa mtoto mwenzake. Huyu ameshika uzi. Akiuliza pia kwa nini mama anafuata kibarua ilhali mahindi yapo, na ni nani anayeamua yauzwe lini, amekaribia daraja A.

Hapo ndipo nadharia hudaiwa. Inayotumika sana ni ile ya UNICEF ya mwaka 1990, inayopanga vyanzo vya utapiamlo katika ngazi tatu: mlo na maradhi; kisha uhakika wa chakula katika kaya, malezi na huduma za afya; na chini kabisa uchumi, siasa na mila. Wanachuo huinukuu kana kwamba imeshuka kutoka New York. Kumbe ilikomazwa na mpango wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 na kuhusisha awali vijiji 168, kwa msaada wa UNICEF, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Italia, wakati Njombe ingali sehemu ya mkoa huo. Wanavijiji walipima watoto, wakachambua sababu, wakachukua hatua, wakapima tena. Kunakili ngazi hizo tatu bila kuzifunga na mama wa Makambako hupata alama moja au mbili tu. Msahihishaji anatafuta mshono.

Miongozo ya usahihishaji hutofautiana, ila alama 20 zinaweza kugawanywa hivi: tatu za kutambua tatizo, tano za nadharia, nane za kuunganisha ushahidi na hoja, tatu za mapendekezo, moja ya unadhifu na marejeo. Kisa kikisimuliwa kwa ufasaha wote wa dunia, alama ni zile tatu za kwanza.

Wenyeji nao wana mtego wao. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima; mwanachuo anayelijua hilo huongeza kwamba baba, kwa kuwa husafiri na lori, ameathirika. Kisa hakikusema. Darasani kosa hilo hugharimu alama mbili, lakini likiandikwa na afisa ustawi wa jamii katika jalada halisi, huiandama familia kwa miaka.

Katika mapendekezo, "jamii ipewe elimu" ni maneno yanayofaa kisa chochote, hivyo hayafai hiki. Msahihishaji hutaka kujua nani afanye nini, lini na kwa gharama ya nani: kwa mfano, majirani wapokezane kulea watoto msimu wa kupanda, huku mhudumu wa afya wa kijiji akipima urefu wao. Kazi zilizonunuliwa steshenari hujifichua hapa. Kisa ni cha Makambako, mapendekezo yanazungumzia wavuvi.

Kwa anayeamini ameonewa, vyuo huwa na utaratibu wa rufaa. Ombi lenye uzito ni linaloonyesha ukurasa na aya ambapo hoja iliyonyimwa alama imeandikwa.