Ubao wa Habari Nao Ni Dawa



Mwezi huu hatuzungumzii ugonjwa mmoja kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Tunazungumzia habari. Sisi wauguzi tunajua kwamba wagonjwa wengi wanaofikishwa hospitali wakiwa na hali mbaya hawakukosa dawa, bali walikosa habari kwa wakati wake. Mtoto ameharisha tangu juzi, analetwa macho yamezama na midomo imekauka, kumbe pakiti za kuongeza maji mwilini zilikuwepo zahanati ya jirani. Baba amenyunyizia dawa shambani akiwa hana glavu wala viatu, anakuja anatokwa jasho na mate, kumbe onyo lilikuwa limeandikwa kwenye chupa aliyoishika mwenyewe mkononi.

Habari nzuri ya afya ina kazi kama chanjo: inatangulia kabla ugonjwa haujafika. Kwa hiyo tujiulize: kijijini kwetu habari hizo zinakaa wapi, nani anaziandika, na nani anazisoma?

Tulikotoka

Nchi yetu imewahi kulifanya jambo hili kwa mafanikio makubwa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2, mijini na vijijini, walikutana katika vikundi vidogo. Walisikiliza kipindi cha redio pamoja, kisha mmoja akasoma kitabu kwa sauti, halafu wakajadiliana. Walizungumzia malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Lakini hawakuishia kwenye mazungumzo. Kila kikundi kiliamua kazi ya kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai.

Katika miaka hiyo hiyo ya kisomo cha watu wazima zilianzishwa maktaba ndogo katika vijiji vingi, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, lililoanza Mwanza mwaka 1974. Maktaba Kuu ya Taifa ilikuwa imekwisha kufunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na mikoa nayo ikapata maktaba zake, Iringa ikiwemo.

Siri ya mafanikio ya Mtu ni Afya haikuwa karatasi peke yake. Karatasi ilisomwa kwa sauti, na hata asiyejua kusoma akapata habari ile ile kama mwalimu. Jambo hilo lina maana mpaka leo. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu wazima kama 2 kati ya 10 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Tangazo lililobandikwa tu ukutani haliwafikii hao, na mara nyingi ndio wanaolihitaji zaidi.

Ruaha Mbuyuni inahitaji habari za namna gani?

Tuchukue mfano wa Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga. Ni mahali pa joto, pa mibuyu, pa mto na pa barabara kuu iendayo Zambia. Watu wanalima vitunguu kwa kumwagilia, na magari hayakatiki usiku na mchana. Hapo afya, mazingira na matukio ya kijiji ni jambo moja, na ubao mmoja unaweza kuyabeba yote. Tuangalie mambo manne.

1. Mto na mifereji. Maji ya Ruaha Mkuu yanatoka mbali, kutoka Usangu. Yanapita katika Hifadhi ya Ruaha, yanaingia bwawa la Mtera lililokamilika mwaka 1980, yanashuka kwetu, kisha yanaendelea mpaka bwawa la Kidatu. Tangu mwaka 1993 sehemu ya mto ndani ya hifadhi imekuwa ikikauka wakati wa kiangazi, sababu kubwa ikiwa ni maji mengi kutumika huko juu. Anachofanya mtu wa juu humfikia mtu wa chini, na sisi nasi tuna wenzetu walio chini yetu.

Katika mifereji na maji yaliyotulia huishi konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho. Mtu mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya vimelea huanguliwa, wadudu wake huingia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu mwingine anayeoga, anayefua au anayefungua maji shambani. Basi ubao useme wazi: kukojoa damu si dalili ya kijana kukua, ni ugonjwa, na dawa yake ipo. Useme pia siku ambayo watoto wa shule watapewa dawa za kichocho na minyoo, ili wazazi wawape chakula kwanza na wasiwazuie kwenda shule.

2. Dawa za shambani. Kila chupa au pakiti ya dawa ya wadudu ina mstari wa rangi kwenye kibandiko chake. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni sumu ya hatari. Bluu inataka tahadhari. Kijani ina hatari ndogo, lakini bado ni sumu. Rangi hizi anaweza kuzitambua hata asiyejua kusoma, mradi mtu amweleze mara moja. Kibandiko husema pia ni siku ngapi zipite tangu kunyunyizia mpaka kuvuna. Siku hizo zikivunjwa, sumu inasafiri pamoja na vitunguu hadi mezani.

Mtu akipatwa na sumu, mtoeni shambani, mvueni nguo zilizolowa na mwosheni kwa sabuni na maji mengi. Msimtapishe. Mpelekeni hospitali upesi, na mchukue chupa au kibandiko chake, kwa sababu mganga anahitaji kujua ni sumu gani. Chupa tupu isiwekewe maji ya kunywa, mafuta wala maziwa, hata ikioshwa mara kumi. Na bomba la kunyunyizia lisioshewe mtoni.

3. Barabara. Barabara inaleta biashara, na inaleta hatari zake. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hii hii, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na waliofariki walizidi 100. Wengi wao walikuwa vijana. Kila kijiji kilicho kando ya barabara kuu kiwe na tangazo la kudumu: lori la mafuta likianguka, kimbia mbali, zima moto wa jiko na sigara, zuia watoto, toa taarifa polisi. Dumu moja la petroli halilingani na uhai wa mtu. Barabara hii pia hukutanisha wageni na wenyeji, kwa hiyo siku za kupima VVU na mahali pa kupata dawa zifahamike bila mtu kuona aibu ya kuuliza.

4. Kliniki na matukio. Siku ya mnada, mkutano wa kijiji, harusi au mazishi makubwa, watu wengi hula na kunywa pamoja. Hapo ubao ukumbushe maji ya kunawa kwa sabuni na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Siku za kliniki ya watoto na ya wajawazito ziandikwe kwa tarehe. Kwa mfano, chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Mama wengi huikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na anaonekana ana nguvu.

Tangazo zuri liweje?

Mara nyingi tunasoma hivi: “Wananchi wote mnatangaziwa kuzingatia usafi ili kuepuka magonjwa ya mlipuko.” Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamwambii mama jambo gani alifanye jioni ya leo. Linganisheni na hili:

TANGAZO LA AFYA
Limetoka: Zahanati ya ……… Tarehe: ……… Liondolewe: ………
HABARI: Wiki hii kijijini kwetu wapo watu wanaoharisha sana na kutapika.
FANYA HIVI: Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote. Nawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Tumia choo, usiende mtoni.
MGONJWA AKIHARISHA: Mpe mara moja maji ya ORS, pakiti 1 katika lita 1 ya maji safi. Kama hakuna pakiti, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji safi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Mtoto aendelee kunyonya na kula.
NJOO ZAHANATI UPESI: akiharisha maji maji mfululizo, akitapika kila anachopewa, akitoa damu, akilegea, au macho yakizama. Usisubiri kesho. Endelea kumpa maji njiani.

Tangazo hili linajibu maswali matano: nini kimetokea, wapi, lini, nifanye nini, na niende wapi. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache, kwa hiyo jibu la “nifanye nini” lazima liwe kichwani kabla ugonjwa haujabisha hodi. Katika mlipuko ulioanza Agosti 2015 Dar es Salaam na kuenea mikoani, wagonjwa nchini walizidi 20,000. Mvua za mkoa wetu huanza Novemba au Desemba, hivyo tangazo hili libandikwe Oktoba, si Januari.

Tazama tarehe

Angalia tena ule mstari wa “Liondolewe”. Habari ya afya huzeeka, na habari iliyozeeka inaweza kuua. Wazee wetu wanakumbuka klorokwini, dawa iliyotibu malaria miaka mingi. Vimelea viliizoea, na mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza. Ikafuata SP, na baadaye dawa mseto ya ALu. Mtu akishika leo kitabu au karatasi ya miaka ya 1990 na kufuata maelezo ya dawa za malaria, atampotezea mgonjwa siku ambazo hana. Kitabu kama Mahali Pasipo na Daktari kimesaidia familia nyingi sana, lakini kwa upande wa dawa muulize mhudumu kwanza, au tafuta toleo jipya.

Hali kadhalika ujumbe unaozunguka kwenye simu. Kabla ya kuusambaza, uliza: nani kauandika, ameuandika lini, na zahanati inasema nini? Kama hakuna jina la ofisi wala tarehe, huo ni uvumi, hata kama umetumwa na ndugu yako wa damu.

Tuanze na tulicho nacho

Ubao hauhitaji mfadhili. Mbao mbili, misumari na paa dogo la bati la kuzuia mvua vinatosha. Uwekwe mahali ambapo watu hupita kila siku: kwenye kisima, mashine ya kusaga, soko la vitunguu, mlango wa kanisa na wa msikiti. Kijiji kichague watu watatu: mhudumu wa afya wa kuhakiki, mwalimu au kijana mwenye mwandiko mzuri wa kuandika, na mtu mmoja wa kuondoa karatasi zilizopitwa na wakati. Mtendaji wa kijiji ajulishwe, ili kila kinachobandikwa kiwe na mwenyewe.

Halafu lifuate lile la mwaka 1973: kusoma kwa sauti. Jumuiya ndogo ndogo zinakutana kila juma. Dakika 10 zatosha. Mtoto wa darasa la sita asome tangazo, bibi aulize asichoelewa, kisha nyumba zote zikubaliane kazi moja ya juma hilo. Na anayepanda Kitonga kwenda Iringa mjini kwa shughuli zake, apitie Maktaba ya Mkoa. Magazeti na vitabu vya afya vinasomwa humo, na mambo mawili yenye faida yanaweza kunakiliwa kwenye daftari na kurudi nayo kijijini.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Habari ya mwisho ya afya iliyotufikia ilitoka kwa nani? Ilitufikia kabla au baada ya ugonjwa?
2. Katika jumuiya yetu ni nani asiyejua kusoma au asiyeona vizuri, na nani atamsomea?
3. Chupa tupu za dawa za shambani kwetu zinatupwa wapi?
4. Mtoto akianza kuharisha usiku wa leo, nyumba ipi kati yetu ina pakiti ya ORS, au sukari, chumvi na maji yaliyochemshwa?

Swali la nne lijibiwe leo kabla ya kulala.