Bustani ikiwaka usiku

Mama wenzetu, hapa Lubumbashi jua linatua kama saa kumi na mbili za jioni, na tangu hapo bustani inakuwa ya wanaume. Sisi tunawaita watoto ndani.

Kule Montréal, Kanada, mwaka 2011 walitundika bembea 21 katikati ya mji. Kila moja ilitoa sauti yake. Watu wakibembea pamoja, sauti ziliungana kuwa muziki. Giza likiingia, viti viliwaka. Wasiojuana walijikuta wanacheza pamoja.

Na kwetu? Wasanii tunao: kikundi cha Picha kinaonyesha sanaa mjini tangu 2008. Shaba yetu imo katika nyaya za dunia nzima. Lakini umeme! Laini ya Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ilianza kazi mwaka 1982 kwa ajili ya migodi, ikipita juu ya vijiji vyenye giza. Basi taa za bustani ziwe za jua, na betri zake.

Mimi ningeanza na njia. Mwanga mzuri katikati na giza mlangoni haumsaidii binti anayerudi nyumbani. Kwanza njia, mlinzi, choo chenye taa. Bembea zifuate.