Matarajio ya Mgonjwa na Kupona Baada ya Upasuaji wa Mfupa Uliovunjika

Mchungaji azuruye wodi ya mifupa huulizwa mara kwa mara swali hili: "Mchungaji, je, nitatembea tena?" Jibu la kitabibu ni la daktari. Hata hivyo, yale anayoyatarajia mgonjwa yana sehemu katika kupona kwake, nayo hujengwa au kubomolewa pia na maneno ya wanaomzuru. Makala hii yakusudia kueleza nguvu ya matarajio hayo, mipaka yake, na wajibu wetu tulio wahudumu wa Neno.

1. Mipaka ya matarajio

Mfupa hauungwi na mawazo. Ukivunjika, damu huganda mahali pale, kisha mwili hujenga mfupa mchanga ambao hukomaa polepole. Chuma kinachowekwa na daktari hushikilia vipande tu. Kazi ya kuunga ni ya mwili, na kwa paja la mtu mzima huchukua miezi kadhaa. Tumbaku, kisukari na maambukizo huweza kuikawiza, hata kama mgonjwa ana moyo mkuu.

2. Nguvu ya matarajio

Lakini kupona ni zaidi ya kuungana kwa mfupa; ni kurudi shambani, sokoni na ibadani. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia kwa miaka miwili watu 569 waliojeruhiwa vibaya miguu, katika hospitali 8 za Marekani. Wale wasio na uhakika kwamba wangeweza kurudia shughuli zao walikuwa na hali mbaya zaidi mwishoni. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa maskini, na kwa waliokosa watu wa kuwategemeza.

Ni kweli kwamba aliyeumia zaidi huweza kukata tamaa zaidi. Hata hivyo njia yenyewe yaeleweka. Anayeamini kwamba mguu wake haufai tena huogopa kuukanyagia hata daktari amruhusupo. Huacha mazoezi, misuli hunywea, goti hukakamaa, na hofu yake hutimia.

Maumivu nayo husikia matarajio. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya wagonjwa 131 waliovunjika pingili za mgongo. Baadhi walidungwa saruji ya kitabibu katika pingili. Wengine walitiwa ganzi na kufanyiwa igizo la tendo hilo, hata harufu ya saruji wakaisikia. Baada ya mwezi mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu iliyokaribia kulingana. Ganzi na mwendo wa kawaida wa kupona huenda vilichangia. Lakini nafuu ile haikuihitaji saruji.

Matarajio yaliyopita kiasi nayo hudhuru. Aliyeambiwa kwamba atatembea upesi huyatupa magongo kabla ya wakati, na chuma huweza kupinda au kuvunjika. Ama huyaona maumivu ya kawaida kuwa ishara kwamba upasuaji umeshindikana.

3. Wajibu wa mchungaji

Kwanza, tusiahidi tarehe wala matokeo. Theologia ya msalaba, ambayo Luther aliitetea Heidelberg mwaka 1518, yatukataza kuyafunika mateso kwa maneno matamu.

Pili, tusichanganye matarajio na imani. Matarajio huelekea matokeo fulani. Imani humshika Kristo hata matokeo yakiwa mengine. Kumwambia aliyebaki kilema kwamba hakuamini vya kutosha ni kurudia kosa la rafiki za Ayubu.

Tatu, tumwulize mgonjwa anatarajia nini na ameelezwa nini, kisha tumsaidie kuyapeleka maswali yake kwa daktari. Mara nyingi hofu huzaliwa na jambo ambalo hakuelezwa.

Mwisho, tusiishie wodini. Majuma magumu huja baada ya kuruhusiwa, mgonjwa akiwa nyumbani na magongo yake, wageni wamepungua. Mzee wa kanisa amsindikizaye hatua chache uani humwonyesha kwamba bado anangojewa katika usharika.