Besi inatikisa kanisa, kwenye redio inapotea: tuangalie mikro zake

Jambo la leo linawahusu wapiga besi wa korali na orkesta zetu, kuanzia Mahagi-Port hapa kando ya ziwa Albert mpaka Bunia. Linawahusu pia wale wanaotoa feza ili gitaa linunuliwe.

Malalamiko ni yale yale. Siku ya ibada, besi inatikisa madirisha. Korali inarekodi wimbo, wimbo unapigwa kwenye redio, na mama anayesikiliza sokoni kwa redio yake ndogo anasikia waimbaji, ngoma na gitaa la solo tu. Besi imeenda wapi? Mara moja kijana wa besi analaumiwa kwamba hajui kupiga, ao kamati inaanza kuchanga tena kwa ajili ya ampli kubwa zaidi. Kumbe mara nyingi jibu liko palepale kwenye gitaa, chini ya nyuzi: ni aina ya mikro, na mahali ilipowekwa.

Mikro ya gitaa inafanya kazi gani?

Hii si kama mikro ya kuimbia. Ndani yake kuna sumaku, na kuizunguka kuna waya mwembamba wa shaba uliofungwa maelfu ya mara. Uzi wa gitaa ni wa chuma. Ukitetemeka karibu na sumaku, unasumbua nguvu yake, na hapo umeme kidogo unazaliwa ndani ya ule waya wa shaba. Umeme huo unapita kwenye kebo mpaka ampli. Kwa hiyo mikro haichukui sauti ya hewani. Inachukua mwendo wa uzi, tena ule mwendo unaopita juu yake tu.

Jaribu kwanza na adungu

Wapiga adungu wa Alur, upande wetu na upande wa Uganda, wanalijua jambo hili bila sumaku wala umeme. Chukua adungu kubwa, ile ya sauti ya chini. Piga uzi katikati: unapata sauti nene, ya mviringo. Piga uzi ule ule karibu na mwisho wake: sauti inakuwa kali na nyembamba. Uzi haukubadilika, haukukazwa wala kulegezwa. Mahali tu ndipo pamebadilika.

Sababu ni kwamba uzi mmoja hautoi sauti moja peke yake. Unatetemeka wote mzima, hiyo tuiite sauti mama. Wakati ule ule unatetemeka pia kwa nusu nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea. Hizo tuziite sauti watoto, nazo ziko juu zaidi. Uzi mnene wa besi, ule wa mi, ukipigwa bila kubonyezwa, sauti mama yake inatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Watoto wake wanatetemeka mara 82, 124, 165, na kupanda hivyo.

Sasa angalia mwendo wenyewe. Upande wa shingo, uzi unaenda na kurudi kwa upana, na mama ana nguvu. Karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa, mama anasogea kidogo sana, lakini watoto bado wanasikika vizuri. Wavuvi wetu wanaelewa haraka: wavu unaleta samaki wa mahali ulipotegwa. Mikro iliyo karibu na shingo inavua mama zaidi. Mikro iliyo karibu na daraja inavua watoto zaidi.

Kuna na jambo lingine. Kila mtoto ana sehemu za uzi ambapo ametulia kabisa, hasogei. Mikro ikikaa juu ya sehemu hiyo, mtoto huyo karibu hasikiki. Kwenye besi nyingi, uzi una urefu wa sentimita 86.4. Tuseme mikro iko sentimita 21.6 kutoka daraja, yaani kwenye robo. Uzi ukiwa wazi, mtoto wa robo ananyamaza. Lakini bonyeza uzi kwenye freti ya 12, unabaki sentimita 43.2, na mikro ile ile sasa iko katikati kabisa. Anayenyamaza ni mtoto wa nusu. Ndiyo maana besi moja inabadilisha sauti yake ukipanda juu ya shingo, hata kama hukugusa kifungo chochote.

Aina tatu utakazokutana nazo

Besi nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu zinafuata umbo la gitaa tatu za Marekani. Ukizijua hizo, unaweza kuitambua besi kwa kuiangalia tu.

Ya kwanza ni Precision Bass ya Leo Fender, iliyotoka mwaka 1951. Mwanzoni ilikuwa na mikro ya koili moja. Mwaka 1957 mikro hiyo ikagawanywa vipande viwili vilivyopishana, kimoja cha nyuzi mbili nene, kingine cha nyuzi mbili nyembamba. Iko kati ya shingo na daraja, na sauti yake iko na kifua. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, alitumia gitaa la aina hii.

Ya pili ni Jazz Bass ya mwaka 1960. Iko na mikro mbili nyembamba, moja upande wa shingo, nyingine karibu na daraja. Ya shingo peke yake ni pana na laini. Ya daraja peke yake ni kama inabweka: ndiyo sauti iliyomfanya Jaco Pastorius ajulikane. Ukizifungua zote mbili sawasawa, baadhi ya sauti za katikati zinapunguzana. Besi inasikika safi sana ukiwa peke yako chumbani, lakini ndani ya orkesta inaweza kumezwa na gitaa zingine.

Ya tatu ni StingRay ya Music Man, ya mwaka 1976. Iko na mikro moja pana yenye koili mbili, upande wa daraja, tena na sakiti ndani inayotumia betri ya volti 9. Sauti yake ni ya nguvu na yenye makali. Kwenye besi nyingi za betri, kuchomeka kebo ndiko kunakowasha sakiti. Ukimaliza kupiga, toa kebo, la sivyo Jumapili utakuta betri imekufa.

Mvumo wa jenereta

Kwa nini koili mbili? Kwa sababu koili moja inachukua na kelele za umeme. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na jenereta nyingi zinafuata hesabu hiyo. Angalia shida: mi iko kwenye 41, la iko kwenye 55. Mvumo unaketi katikati ya sauti zetu za chini kabisa. Ukijaribu kuukata kwenye mikseri, unakata na besi yenyewe.

Koili mbili zikifungwa kwa kugeuzana, kelele inaingia pande mbili kinyume na kujiua yenyewe, lakini sauti ya uzi inabaki. Mikro iliyogawanywa ya Precision inafanya hivyo, na ile pana pia. Kwenye besi nyingi za aina ya Jazz, mvumo unapungua sana mikro zote mbili zikifunguliwa kwa kiasi kile kile. Ukifunga moja, mvumo unarudi.

Basi kwa nini inapotea kwenye redio?

Sasa turudi kwa yule mama wa sokoni. Spika ndogo ya redio ao ya simu haiwezi kabisa kusukuma hewa mara 41 kwa sekunde kwa nguvu ya kusikika. Mama wa sauti hafiki. Lakini watoto wanaweza kufika. Na sikio la binadamu liko na akili ya ajabu: likisikia watoto wa kutosha, linamjua mama yao hata kama hayuko, nalo linasikia noti ya chini kama ilivyo.

Mpiga besi aliyefungua mikro ya shingo tu, akafunga na kifungo cha toni, ametuma mama bila watoto. Kanisani, mbele ya bafle kubwa, ni utamu mtupu. Kwenye redio ndogo hakuna kitu. Na kwenye sebene, ambapo besi inaruka, inakata, inanyamaza kisha inarudi, ni watoto hao wanaoonyesha noti inaanza wapi.

Ufanye nini?

Kama besi yako iko na mikro mbili, fungua ya daraja yote, halafu ongeza ya shingo polepole mpaka sauti ipate mwili. Siku ya kurekodi, fungua toni angalau nusu, kisha usikilize wimbo kwenye simu ndogo kabla ya kuuleta. Kama iko na mikro moja, tumia mkono: sogeza vidole karibu na daraja upate makali, karibu na shingo upate unene. Ni somo lile lile la adungu.

Pima na urefu wa mikro. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho; nafasi kati ya uzi na mikro iwe kama milimita 2 hadi 3. Ikiwa mbali sana, sauti inadhoofika. Ikiwa karibu sana, sumaku inavuta uzi na noti zinapotoka.

Unaponunua besi iliyotumika, usiridhike na rangi yake. Ichomeke kwenye ampli, sauti ikiwa chini. Fungua mikro moja moja na uguse kila moja taratibu kwa ncha ya turunevisi: mikro nzima itatoa mlio. Isiyolia, uliza kabla ya kutoa feza. Tena badilisha nyuzi zilizochakaa kwanza, kwa sababu uzi uliokufa hauna watoto wa kuvuliwa, hata ukiwekewa mikro ya bei gani.

Kwa hiyo, ndugu wa kamati, kabla hamjachanga tena kwa ajili ya ampli, na kabla hamjamgombeza kijana wa besi, mwambieni ageuze vifungo viwili huku mtu mmoja anasikiliza kwenye redio ndogo. Jaribio hilo halina bei.