Ukaazi wa Kanada Hupangwa Kabla ya Kuchagua Chuo

Familia nyingi za Tanzania na Kenya zinazopeleka mtoto kusoma Kanada huanza kwa kutafuta chuo. Ada inajadiliwa, kiwanja kinauzwa au mkopo wa SACCOS unachukuliwa, wakala anafuatilia barua ya udahili, na viza ikitoka watu wanamshukuru Mungu. Suala la kubaki huko baada ya masomo linawekwa kando, kana kwamba bidii ya mwanafunzi italimaliza lenyewe. Naamini hapo mambo yamepangwa kinyume. Sehemu kubwa ya jibu huwa imeshatolewa siku ada ya kwanza inapolipwa, kwa sababu kozi ndiyo inayoamua kama mhitimu atapata kibali cha kazi, kitadumu muda gani, na kitamfikisha kwenye kazi ipi.

Kibali cha kazi cha baada ya masomo hutolewa mara moja tu katika maisha ya mtu. Kozi ya miaka miwili au zaidi huweza kumpa mhitimu miaka mitatu. Kozi ya kuanzia miezi minane hadi pungufu ya miaka miwili humpa muda unaolingana na urefu wake, isipokuwa shahada ya uzamili, ambayo tangu Februari 2024 inaweza kumpa miaka mitatu hata ikiwa fupi. Hivyo diploma ya mwaka mmoja iliyochaguliwa kwa unafuu wa ada inaweza kugeuka kuwa ghali kuliko zote. Inamwachia kijana takriban mwaka mmoja wa kutafuta kazi, kuifanya na kusubiri mwaliko wa kuomba ukaazi, na akirudi darasani baada ya hapo, kozi mpya haimpi kibali cha pili.

Masharti yamekazwa zaidi. Wanaoanza safari hii kwa kuomba kibali cha masomo tangu Novemba 2024 wanatakiwa, wakisoma cheti au diploma, wawe kwenye fani zilizoorodheshwa na serikali. Wenye shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu hawabanwi na orodha hiyo. Mtihani wa lugha nao umekuwa sharti la kibali cha kazi. Wanaoanza kozi za vyuo binafsi vinavyofundisha mtaala wa vyuo vya umma kwa makubaliano maalumu hawapati kibali hicho kabisa tangu Mei 2024. Wakala anayelipwa kwa kila mwanafunzi anayemfikisha chuoni hana sababu kubwa ya kueleza haya, na mzazi asiyeuliza hataambiwa. Mwaka 2023 Kanada ilikumbwa na kesi za wanafunzi walioingia kwa barua bandia za udahili, wengine wakijua, wengine wakiwa wametapeliwa tu na mawakala wao. Tangu Desemba mwaka huo chuo chenyewe lazima kithibitishe kila barua. Ulinzi huo ni mzuri, lakini haumlindi mwenye barua halali ya kozi isiyomfaa.

Baada ya kibali inakuja kazi, na hapa ndipo ninapoona vijana wengi wakipotea bila kosa lao. Njia inayowafaa wahitimu wengi ni ile ya uzoefu wa kazi wa Kanada, iliyo ndani ya Express Entry, mfumo wa kuchagua wakaazi wa kudumu ulioanza Januari 2015. Inataka angalau mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi, yaani saa 1,560, ndani ya miaka mitatu kabla ya maombi. Saa ulizofanya ukiwa mwanafunzi wa muda wote hazihesabiki. Kujiajiri hakuhesabiki. Kazi zimepangwa katika madaraja kuanzia 0 hadi 5, na ni zile za 0 hadi 3 pekee zinazokubalika. Mpishi anahesabiwa, mwalimu wa watoto wadogo anahesabiwa, msaidizi wa muuguzi anahesabiwa. Anayebeba maboksi ghalani au kuhudumia kaunta ya chakula anafanya kazi ya halali na yenye jasho, lakini hata akiifanya miaka mitatu mfululizo, katika njia hii saa zake ni sifuri.

Kwa nini mtu mwenye diploma nzuri anakwama ghalani? Mara nyingi ni kwa sababu ya nyumbani. Deni la ada linadai, mdogo wake anaingia kidato cha tano, mama anahitaji dawa, na ghala linatoa saa nyingi tangu wiki ya kwanza. Kazi ya fani yake inaweza kuchukua miezi kuipata, pengine kwa mshahara wa kuanzia usiozidi ule wa ghalani. Kijana anachagua fedha ya sasa, na hakuna wa kumlaumu. Ila familia iliyokuwa na habari mapema ingeweza kukubaliana naye kwamba mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu hatatuma kitu, au atatuma kidogo sana. Makubaliano hayo yana thamani kuliko mchango mwingine wowote wa ndugu, na ni rahisi kuyafikia kabla ya safari kuliko kwa simu ya usiku wakati kila upande umechoka.

Hata kazi inayofaa inahitaji ushahidi. Maofisa hawaridhiki na cheo. Wanasoma majukumu, saa, mshahara na tarehe katika barua ya mwajiri. Aliyeitwa msimamizi lakini hakuwahi kupanga zamu wala kumwelekeza mtu anaweza kukataliwa, na anayeongeza majukumu ya uongo anaweza kufungiwa miaka mitano.

Kutimiza masharti bado si kualikwa. Waombaji hupangwa kwa alama, na jumla ya juu kabisa ni 1,200. Umri una uzito ambao watu wetu hawautarajii: asiye na mwenzi hupata 110 akiwa na miaka 20 hadi 29, 77 akiwa na 35, 39 akiwa na 41, na hapati kitu kuanzia 45. Mtumishi wa umma anayekwenda kusoma uzamili akiwa na miaka 38 aifanye hesabu hiyo kabla ya kuomba likizo bila malipo. Alama za ofa ya kazi, ambazo wengi walizitegemea, ziliondolewa Machi 2025. Kuteuliwa na jimbo la Kanada bado kunaleta 600, kwa hiyo jimbo ni jambo la kuchagua kwa makini sawa na chuo. Na Kiingereza kisidharauliwe kwa kuwa tulikisoma sekondari. Kupanda kutoka daraja la 8 hadi la 9 la kipimo cha lugha cha Kanada katika stadi zote nne humwongezea mwombaji asiye na mwenzi alama 32, bila kuhesabu nyongeza zinazotokana na elimu yake.

Kwa ndugu zetu wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura kuna jambo ambalo natamani lisemwe kwa sauti zaidi. Tangu 2023 Kanada hualika pia waombaji kwa makundi, na wenye Kifaransa ni mojawapo. Machi 2025 kundi hilo lilialikwa kwa alama 379, wakati mialiko ya njia ya uzoefu wa kazi mwaka huo ilihitaji zaidi ya 500. Kijana aliyesomeshwa kwa Kifaransa anaweza kuwa na akiba kubwa mkononi, mradi afaulu mtihani unaotambuliwa. Asisahau tu kwamba Québec ina mfumo wake wa kuchagua wakaazi, hivyo anayekimbilia Montréal kwa sababu ya lugha anaingia kwenye sheria nyingine.

Sheria yenyewe haitulii. Oktoba 2024 serikali ilipunguza lengo la wakaazi wapya wa 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000, na walioanza masomo miaka miwili kabla walikuta mlango umebana wakiwa tayari ndani. Kwa hiyo kozi ichaguliwe kwa kupimwa pia na ajira ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Uuguzi, uhandisi wa umeme, uhasibu na ufundi wa mitambo vina waajiri pande zote mbili. Chaguo hilo linasaidia pia kwenye maombi ya kibali cha masomo. Wakala anayemshauri kijana afiche nia yake ya kubaki anampotosha, kwani sheria ya uhamiaji ya Kanada inaruhusu mtu kuwa na nia ya ukaazi huku akiomba kibali cha masomo, ilimradi amridhishe ofisa kwamba ataondoka muda wake ukiisha bila kibali kingine. Kijana mwenye ujuzi unaohitajika kwao atalisema hilo kwa ukweli, na muda ukiisha atakuwa na kazi ya kurudia.